Ndiyo ya Mtendaji

Habari ya kufukuzwa kazi Simeoni aliipata akiwa na kikombe cha kahawa mkononi na kipande cha kashata mdomoni, na aliyemletea hakuwa hata amezima pikipiki.

"Mwangwi! Wamekufuta!" Melki alipiga kelele kuishinda injini. "Mkutano wa leo hauna mkalimani!"

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa mashine ya kukamua alizeti, kwenye kijiji kidogo ukishaipita Unyambwa, na viti vyetu ni magunia ya mashudu. Mgeni akikaa hapa anarudi kwake ananukia mafuta kama chapati. Nimekaa vijiwe vingi katika kutangatanga kwangu, vya Kinampanda na vya mbali zaidi, lakini hapa ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza mtu akifukuzwa kazi ambayo hakuwahi kulipwa.

Simeoni tunamwita Mwangwi kwa sababu ya hiyo hiyo kazi. Kiongozi akisema mkutanoni kwa Kiswahili, yeye anasimama pembeni na kuyarudia maneno yake kwa Kinyaturu, kwa ajili ya wazee wa Ng'ambo, kitongoji chetu kilicho upande wa pili wa korongo. Melki, yaani Melkizedeki, ni bodaboda wa kwetu anayelala Mandewa na kuamkia barabarani.

"Nani kanifuta?" Simeoni aliuliza, baada ya kumeza kashata kwanza.

"Mtendaji wa kijiji mwenyewe. Nimemshusha ofisini sasa hivi. Anasema leo ni Kiswahili mwanzo mwisho. Anasema wazee wa Ng'ambo wamemzuga kinoma, Kiswahili wanakijua kumshinda yeye."

Febronia, mwenye birika la kahawa, na kwa hiyo mwenye kijiwe, alilisimamisha hewani. "Kajuaje?"

"Bibi Dorkas! Juzi Alhamisi mkutano ulipovunjika, si alimfuata mpaka kwenye pikipiki yangu? Akamchana laivu. Tena Kiswahili kimenyooka, kina mpaka 'hivyo basi' ndani yake! Mtendaji alibaki kama kamwagiwa maji ya baridi."

Aliyetikisa kichwa kwa masikitiko alikuwa Calist. Huyu tunamwita Katiba, maana hata akiomba chumvi anaiomba kwa mujibu wa kifungu.

"Kwa mujibu wa taratibu," alisema, "huo ni udanganyifu. Mtu anayejua lugha akiomba mkalimani ni sawa na mwenye miguu mizima kuomba magongo."

"Na wewe hiyo miwani," Febronia akamdaka, "si ulituambia haina kazi, macho yako mazima?"

"Hii ni ya heshima."

"Basi na wao wana mkalimani wa heshima. Mbona yako hatuifuti?"

"Aisee Katiba, umelala!" Melki alicheka akakalia gunia. "Ila na mimi sikuwepo mwanzo, nilikuwa naosha chombo. Hivi Alhamisi palitokea nini mpaka watu wanatafutana kwa fimbo?"

Kila mtu alitaka kusimulia. Febronia akashinda, kwa kuwa ndiye mwenye birika.

"Kule Ng'ambo kuna ile shule shikizi, vyumba viwili, watoto wa awali mpaka darasa la pili. Mtendaji kaja kasimama: shule inafungwa, watoto wavuke korongo waje shule kubwa huku, na majengo yale, nanukuu, 'yatapangiwa matumizi mengine.'"

"Ghala la alizeti ya wakubwa ndiyo matumizi mengine," alisema Melki.

"Mimi sijasema alizeti. Umesema wewe, na bado una leseni. Basi, kabla mzazi hata mmoja hajafungua mdomo, Mtendaji akamaliza: 'Hivyo mkutano umeridhia kwa kauli moja.' Na Mwangwi huyu hapa akatafsiri."

"Ukasemaje, Mwangwi?"

"Nikasema alichosema," Simeoni alijibu. "Nikawaambia wazee: anasema jambo hili limekubaliwa kwa neno la mtu mmoja."

Melki alijipiga paja. "Mamaaa!"

"Mzee Hosea wa Ng'ambo akasimama na fimbo," Febronia aliendelea, "'Mtu gani huyo? Ajitokeze!' Wakaanza kutaja majina. Wengine wakatajana wao kwa wao. Shemeji akamtaja shemeji. Mkutano ukafia hapo, ukasogezwa mpaka leo."

Katiba alikunja nne. "Ndipo ulipoharibu. Kauli moja maana yake wote. Wote wamekubali!"

"Wote wapi, Katiba? Mimi nilisimama mbele kabisa. Sauti niliyoisikia ilikuwa moja. Nikasema moja. Ulitaka niongeze watu?"

"Ni msemo, bwana! Nikikwambia fulani ana mkono wa birika, utawatafsiria wazee kwamba kidole chake kinamwaga kahawa?"

"Mliache birika langu," alisema Febronia.

"Mkalimani ni mfereji," Katiba aliendelea, sasa amesimama kabisa. "Hana lake. Maji yakiingia yameoza, yatoke yameoza vile vile!"

"Na yalitoka vile vile. Tatizo Kinyaturu hakikuwa na pa kuyaficha."

Hapo hata mimi nilicheka, na kahawa ikanipalia. Katiba alikaa, lakini alikaa kama mtu anayetafuta kifungu kingine.

"Haya, mimi na akili zangu za bodaboda nauliza," Melki alisema. "Kama bibi anakijua Kiswahili, si mnatuchelewesha tu? Jambo linasemwa, halafu linasemwa tena. Mkutano wa kuisha saa tisa unaisha jua limezama. Abiria wangu wanakauka kama dagaa."

Kabla hajajibiwa, Bibi Dorkas mwenyewe akatokea, amejifunga kanga mbili, vumbi la korongo limempanda mpaka magotini. Kijiwe chote kikanyooka.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba wanangu. Kaeni, kaeni, magunia yenyewe hayatoshi." Akamtazama Simeoni. "Mwanangu, nimekuponza. Mdomo wangu huu."

"Usijali, bibi. Nimefutwa kazi nikiwa na kahawa."

"Bibi!" Melki alishika kichwa. "Kwa hiyo ni kweli? Kiswahili unakishusha hivyo hivyo?"

"Wewe ulidhani miaka yote nauza kuku pale mjini Singida nilikuwa nabweka?"

"Sasa mkalimani wa nini?"

Bibi Dorkas hakukaa. Alikigonga kiti cha pikipiki ya Melki kwa kiganja. "Mjukuu wangu, hiki chombo chako ukiwa kwenye mteremko, unakiachia tu?"

"Thubutu! Nakamata breki."

"Haya. Kiswahili cha mkutanoni hakiji kwa miguu. Kinakuja kwenye mteremko. Mchakato, mkakati, uboreshaji, tumeridhia, makofi! Unashtuka mikono yako imeshapiga makofi, na hujui umepigia nini. Lakini Simeoni akisimama kutafsiri, yule wa mbele lazima anyamaze. Akinyamaza, mimi napata kufikiri. Halafu maneno yale yale nikiyasikia mara ya pili, yakitoka kwa mtu ambaye hana faida nayo, naona yamevaa nini kwa ndani."

"Kumbe Mwangwi ni breki," Melki alisema polepole.

"Ni breki. Na Alhamisi kwa hasira nimeing'oa kwa mkono wangu mwenyewe. Leo saa nane tunashuka bila breki, na chini kuna korongo." Sauti yake ilibadilika kidogo. "Masika yaliyopita lilimchukua ndama wa Mzee Hosea. Ndama ana miguu minne. Mjukuu wangu Joshua yuko darasa la kwanza, ana miwili."

Febronia alimmiminia kahawa bila kuulizwa.

"Pamoja na hayo," Katiba alianza, "kwa mujibu wa..."

"Calist," bibi alimkata, "mjukuu wako wewe yuko upande gani wa korongo?"

"Upande... huu."

"Ndiyo maana unaielewa kauli moja."

Melki alilala chali juu ya mashudu. Katiba alivua miwani yake ya heshima, akaitazama, akaivaa tena.

Ni wakati huo Mtendaji alipotokea, kwa miguu, anaelekea shule kubwa, kwenye mkutano. Bwana Sostenes ni kijana msafi, mwenye adabu, viatu vinang'aa mpaka nzi wanateleza. Hajamaliza mwaka kwetu, ametokea mikoa ya mbali, na Kinyaturu chake ni salamu moja, nayo huwa anaitikia kabla hajasalimiwa.

"Shikamoo bibi! Wazee, habari za hapa? Jamani, tusichelewe. Saa nane kamili. Bwana Simeoni, nadhani umepata taarifa. Si kwa ubaya. Kiswahili ni lugha ya taifa, na nimegundua," hapo akamtazama Bibi Dorkas kwa tabasamu la mtu aliyekamata mwizi wa maembe, "nimegundua kila mtu anakielewa. Hakuna tena kurudiarudia. Nusu saa tumemaliza."

"Nusu saa," Simeoni alisema. "Maana wa kusema ni mmoja."

Mtendaji alijifanya hakusikia. Bibi Dorkas akasogea mbele yake, mpole kama mwari.

"Kwa hiyo baba, leo kila mtu anasema kwa mdomo wake, na mwenzake ajitegemee?"

"Hivyo hivyo, bibi. Tunakwenda na wakati."

"Sawa, baba."

Akaushika mkono wa Mtendaji kwa mikono yake miwili. Akauinamisha uso, akaukunja ukawa uso wa bibi mgonjwa kwenye foleni ya dawa. Kisha akaongea Kinyaturu. Taratibu, neno baada ya neno, na mwishoni akapandisha sauti kama mtu anayeuliza.

Sasa, kiongozi ana maradhi yake. Atakubali kuonekana hana usafiri, hana mafuta, hata hana bajeti, lakini hatakubali kuonekana hajaelewa. Sostenes akatabasamu. Akakubali kwa kichwa, kwa heshima.

"Ndiyo, bibi."

Bibi Dorkas akayarudia, safari hii kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa ndani kwenye mashine. Watu wa Ng'ambo waliokuwa wanapita kwenda mkutanoni wakasimama barabarani.

"Ndiyo! Ndiyo kabisa!" alisema Mtendaji, na akampigapiga bibi mgongoni mwa mkono, kwa upendo.

Kijiwe kizima kikapasuka kwa kicheko. Melki aliangukia upande wa pili wa gunia. Fundi wa mashine alizima mashine ili acheke vizuri. Mtendaji naye akacheka, kwa adabu, akafikia katikati ya kicheko akagundua yuko peke yake humo ndani.

"Amesema nini?" aliuliza.

Alimtazama Katiba kwanza, maana huyo ndiye mtu wake. Katiba alikohoa. "Kwa mujibu wa tangazo lako, Mtendaji, leo hakuna mkalimani."

"Melki?"

"Mi nasikiaga tu, mkuu. Kuongea kunanipiga chenga."

Febronia alikuwa amepata kazi ya ghafla ya kupuliza mkaa. Mimi nilitazama viatu vyangu, ambavyo havina cha kutazama.

"Simeoni, amesema nini?"

"Nimefutwa."

"Basi nimekurudisha! Umerudi kazini, kuanzia hapa ulipo! Na leo utatafsiri mwanzo mwisho, nimesema. Haya, amesema nini?"

Simeoni aliweka kikombe chini. Akasimama, akaweka mikono nyuma, kama anavyosimama mbele ya mkutano.

"Anakuuliza: tukubaliane kwamba shule ya Ng'ambo haifungwi mpaka korongo lijengewe daraja? Ukasema ndiyo. Akauliza tena, kwa sauti, kwa faida ya wote. Ukasema ndiyo kabisa."

"Lakini sikuelewa!"

"Na mimi Alhamisi mkutanoni sikufungua mdomo," Bibi Dorkas alimwambia, kwa Kiswahili safi, "na niliridhia."

Kule barabarani, fundi wa mashine alikuwa ameshawafikia watu wa Ng'ambo, anaonyesha kwa mikono jinsi Mtendaji alivyokubali. Tukasikia makofi. Yakapokelewa na wengine waliokuwa mbele zaidi, yakaenda yanavuka vichwa hadi upande wa shule, na akina mama wakaongeza vigelegele. Bibi Dorkas alimaliza kahawa yake, akajifunga kanga vizuri, akaondoka kuwafuata. Katiba akainuka naye, akamshikia kikapu, bila kutaja kifungu chochote.

Mtendaji alibaki na Simeoni. Akainama, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini kijiweni hakuna sauti ya chini:

"Bwana Simeoni, tukifika pale, hili la hapa... hili usiwatafsirie."

"Ondoa shaka, Mtendaji," Simeoni alisema, akijikung'uta mashudu kwenye suruali. "Halina haja ya tafsiri. Ile 'ndiyo' uliisema kwa Kiswahili."