Kanuni ya Andazi la Mia

Jumatatu, 2 Juni
Baridi kali. Leo nimefungua meza ya maandazi hapa Mfaranyaki, kwa unga wa mke wangu Yasinta. Amesema nisipopata wateja kufikia Jumapili, naenda Namtumbo kulima tumbaku kwa kaka yake, Isidori. Mimi, mwenye D ya Uchumi ya kidato cha sita! Ng'ambo ya barabara anauza Mama Benigna, asiyejua hata kanuni moja. Andazi lake mia mbili, langu mia. Daftari langu la shule linasema bei ikishuka, wateja huongezeka. Kwisha habari yake.

Jumanne, 3 Juni
Wateja wawili. Mmoja alitaka chenji tu. Hironimus, fundi baiskeli, amesema andazi la mia lina walakini, unga utakuwa wa mwaka juzi. Nikamchorea mahitaji na ugavi kwa kidole kwenye unga huohuo. Alitazama kwa adabu hadi mwisho, kisha akavuka kwenda kwa Mama Benigna.

Jumatano, 4 Juni
Nimepandisha hadi mia tatu. Zipo bidhaa ambazo zikipanda bei watu huzigombania. Andazi halimo. Nimekula kumi na moja mwenyewe. Yasinta amelitoa jembe uvunguni.

Alhamisi, 5 Juni
Mzee Athanasi wa mtaa wa nyuma amefariki. Mama Benigna amefunga biashara, kabeba masufuria yake kwenda kuwapikia waombolezaji. Bure! Mshindani katoka sokoni mwenyewe, nami nikabaki mezani. Wamepita watu wengi ajabu, wote wanaelekea msibani. Nikawakaribisha maandazi. Mama mmoja akaniuliza kama mimi sina majirani.

Jumamosi, 7 Juni
Walizika jana. Leo foleni ya Mama Benigna imefika kwa fundi baiskeli. Kwangu hata nzi hawatui. Nimeona aibu, nakiri. Nilimuuliza Hironimus kulikoni, akasema maandazi ni yaleyale, ila yule mama alikuwa nao wafiwa. Nimetafuta "kuwa nao" daftari zima. Hakuna.

Jumapili, 8 Juni
Yasinta amefunga mzigo wangu. Gari la Namtumbo ni kesho asubuhi. Na leo ndiyo nimegundua! Kanuni haikukosea, ilipungukiwa msiba tu. Baada ya misa nimepita nyumba kwa nyumba nikiuliza, kwa heshima zote, nani anaumwa. Mzee Saimon anakohoa vizuri. Nimeiahidi familia yake maandazi mia moja, bure, siku ikifika. Mkewe amenitoa na mwiko. Si neno. Namtumbo nako wazee wapo. Daftari nimelificha katikati ya nguo.