Viti Kumi vya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa shule ya sekondari ametamka leo, mlangoni kwangu: wanafunzi wake mia mbili watajaza maombi ya vyuo katika kafe moja tu ya intaneti hapa mtaani. Yangu au ya shemeji. Atakagua Ijumaa. Itakayokosa itafunga milango. Kazi nyingine ya maana haipo mpaka mwaka uishe. Mimi nina kompyuta nne. Shemeji, kaka wa mke wangu, aliyefungua ng'ambo ya barabara juzi tu, ana viti kumi. Kumi! Mtu aliyekuwa akiniomba nimfungulie barua pepe.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kupeleleza. Kofia, miwani ya jua. Shemeji akanipokea mlangoni: karibu shemeji, hiyo kofia ya dada imekukaa vizuri. Nikajifanya sijasikia.

Kila kiti kina skrini, kibodi na kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni. Basi. Nikamuuliza fundi wa kompyuta aliyekuwa akimfungia nyaya, kompyuta zenyewe ziko wapi. Akanionyesha moja, chini ya meza ya shemeji. Moja! Ndiyo seva, akasema. Kazi yote inafanyika humo, visanduku vinaleta picha tu na kurudisha kinachochapwa. Yaani watu kumi wanakula chungu kimoja. Tena kimya kabisa mle ndani. Kwangu kompyuta nne zinanguruma kama mashine ya kusaga.

Jumatano, 6 Machi

Mpango: chungu kimoja humalizwa na mlafi mmoja. Nimelipia saa nzima kiti cha saba, nikafungua video arobaini kwa mpigo. Nikangoja skrini zote zigande. Ikaganda yangu. Wengine waliendelea kuchapa. Bibi mmoja wa kiti cha nane alikuwa akiongea na mjukuu wake kwa video, raha mustarehe. Fundi akanieleza, bila kuulizwa, kwamba kila kiti kimepimiwa sehemu yake. Shemeji akaja na sauti ya asali: kama ndiyo mara yako ya kwanza kutumia kompyuta, shemeji, uliza tu, hapa hatuchekani. Walicheka wote. Bibi kuliko wote.

Alhamisi, 7 Machi

Nimenunua visanduku vinane vilivyotumika, na skrini na kibodi nne za kuongezea. Fundi yule yule amekuja kuvifunga. Mtaa huu hauna mwingine. Kompyuta yangu yenye nguvu ndiyo seva sasa. Viti vinane! Akaniusia seva ipate hewa. Nilimsikiliza nusu nusu, nilikuwa nachungulia dirishani kama shemeji anaona.

Alipoondoka nikawaza. Mimi nilikwenda kwake kuharibu. Yeye atashindwa nini kuja kwangu? Nimeifungia seva ndani ya kabati la mbao, kufuli mbili. Bado inanguruma. Kwa shemeji kimya! Nikaizungushia blanketi. Mke wangu akauliza kama kompyuta ina homa. Nikamwambia haya ni mambo ya kiufundi. Akasema mbona kaka yake ya kwake haifuniki. Nikaongeza blanketi la pili.

Ijumaa, 8 Machi

Mkuu alifika saa nne na walimu saba. Wakaketi wote, wakaijaribu fomu. Dakika ishirini safi. Mkuu akasema kwangu kuna utulivu kuliko ng'ambo. Nilitamani aseme tena, mlango ukiwa wazi.

Dakika ya ishirini na moja skrini zote nane zikazimika pamoja. Nikajaribu funguo sita kabla ya kupata za kufuli mbili. Kabati lilipofunguka, harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi ikajaa chumba kizima. Mwalimu wa fizikia akainua blanketi kwa vidole viwili, akauliza nilikuwa naivisha ndizi au vipi. Mkuu akavuka barabara bila kuaga. Kazi amepewa shemeji. Fundi amethibitisha: seva imekufa. Mke wangu ameyachukua mablanketi kuyaanika nje, upande unaotazama kwa kaka yake.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji amekuja. Nilidhani amekuja kunicheka. Kumbe anasema wanafunzi mia mbili ni wengi kwa viti kumi, na seva yake inaweza kubeba kumi na vinane. Avute waya mpaka kwangu, visanduku vyangu vitumie seva yake, tugawane wanafunzi nusu kwa nusu. Hawezi, akasema, kuona dada yake anahangaika naye yupo. Mke wangu akakubali kabla sijafungua mdomo. Mkuu naye hakupinga. Saa tisa alasiri waya ulikuwa umevuka barabara na viti vyangu vyote vimewaka. Kafe haifungwi! Nilimshukuru. Kwa kweli nilimshukuru.

Jumapili, 10 Machi

Nimewasha kiti cha kwanza, kujaribu tu. Kwenye skrini ikatokea picha ya shemeji. Suti, tai, meno yote nje, na chini yake: KARIBU KWETU. Nikawasha cha pili. Shemeji. Cha tatu. Shemeji. Mashemeji wanane, ndani ya chumba changu, wananichekea!

Nikampigia fundi. Akasema picha inatoka kwenye seva, kwangu haibadilishiki, na kwani inadhuru nini. Mke wangu alipita, akasimama, akasema kaka yake ametoka vizuri.

Nimeazima koleo la kukatia waya kwa fundi bomba. Nimemwambia ni la kurekebisha uzio. Waya wa shemeji unapita juu kidogo tu ya kibaraza changu. Wanafunzi wangu mia wanaanza kuingia kesho Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Mimi nitakuwa juu ya ngazi saa moja na nusu.