Kigogo cha Kalamu Siku ya Nikaha

Leo nimechekwa na msikiti mzima, imamu akiwemo. Nawaandikia upesi nyinyi mliobaki Mombasa, kabla hamjaisikia habari hii kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi. Haihitaji chumvi.

Mnaujua ugonjwa wangu. Wenzangu wakitoka kazini huenda kucheza bao. Mimi huenda kwa Fundi Kazungu, seremala wa hapa Malindi, nikaokota mabaki ya mbao na kuyakata vigogo vidogo vya mraba, unene wa kidole gumba, urefu wa kidole cha kati. Kila kigogo nakitoboa katikati, natia gundi, napenyeza kibomba cha shaba nilichokata kwenye eriali ya redio mbovu. Kikishakauka, Kazungu huniachia mashine yake ya kukerezea, na kigogo kinakuwa kalamu. Mama anaviita kuni za wanasesere. Mzee Bakari, baba yake Mwanaidi, alipoviona mara ya kwanza aliuliza swali moja tu: "Na huyu ndiye anayetaka kuoa?"

Basi leo ndiyo ilikuwa nikaha yangu na Mwanaidi, baada ya alasiri. Nilikuwa nimeazimia kutia sahihi cheti cha ndoa kwa kalamu ya mkwaju niliyoitengeneza mwenyewe, mbele ya mzee huyo huyo. (Kiburi, naam. Kimenirudi.)

Asubuhi kigogo kikapasuka kwenye mashine. Mtu mwenye akili angeazima kalamu. Mimi nikarudi nyumbani mbio, nikakata kingine, nikakitoboa, nikatia gundi mpya, ile kali ya kijichupa ambayo Kazungu alinionya nisizidishe tone moja. Niliyotia sikuyahesabu. Ikafurika. Nikakibana kigogo kwenye kiganja cha kulia kisije kikaniponyoka, nikatulia kidogo kikauke.

Kilikauka vizuri sana.

Ndugu yangu Omari alikuja kunihimiza nikaoge, akanikuta nimekaa na ngumi imefumbwa.

"Umeshika nini?"

"Kigogo."

"Si ukiweke chini."

"Hakitaki."

Tukajaribu mafuta ya nazi, maji moto, samli, mafuta ya taa. Kidole cha mwisho kikaachia, vingine vikagoma. Mama akaingia, akanusa, akanitazama. "Mwanangu, utaozwa unanuka kama koroboi," akasema, kisha akaenda kuchekea jikoni. Nilimsikia.

Nikavaa kanzu na koti, mkono nikauficha mfukoni. Msikitini kila alipotokea wa kunipa mkono niliweka wa kushoto kifuani pangu na kuinamisha kichwa, kama mcha Mungu aliyepitiliza. Ikasaidia mpaka nilipokalishwa kuelekeana na Mzee Bakari.

"Mpe mkono baba yako," Sheikh, imamu aliyekuwa akituozesha, akaniambia.

Nikatoa wa kushoto. Sheikh akatikisa kichwa.

"Wa kulia, bwana harusi."

Nikautoa. Ngumi inang'aa samli, mbao inachungulia huku na huku.

"Hiki nini?" Sheikh akauliza.

"Kalamu, Sheikh. Bado haijawa."

Mtu mmoja nyuma alijifanya anakohoa. Halafu safu nzima ikashikwa na kikohozi. Sheikh akajifunika uso kwa karatasi zake, mabega yanamtikisika. Mimi nilikuwa namtazama Mzee Bakari peke yake, na yeye hakucheka. Nikajua Mwanaidi nimemkosa kwa sababu ya gundi.

Akainama, akakigusa kigogo kwa ncha ya kidole. "Hakitoki?"

"Hakitoki, baba."

"Hata kikivutwa?"

"Omari amekivuta. Nimelia."

Akafikiri kidogo, akamgeukia Sheikh. "Huyu akishika kitu haachi. Tuendelee." Akaukamata mkono wangu pamoja na mbao yake, akaniozesha binti yake. Alipofika kwenye jina la Mwanaidi ndipo nilipoyaona mashavu yake yakitetemeka kwa kicheko alichokizuia.

Nikajibu nimekubali kwa sauti iliyofika sokoni. Kikaletwa cheti. Mimi, karani wa serikali, ninayewasomea watu fomu kila siku na kuwaonyesha pa kuweka kidole, nikasogezewa kisahani cha wino. Kwenye cheti changu cha ndoa pana dole gumba la kushoto. Mzee Bakari akatia sahihi yake ndefu kwa kalamu ya plastiki, bila haraka yoyote.

Mpaka sasa vidole viwili havijaachia. Nawaomba msicheke. Anayeandika barua hii ni mke wangu, mimi nasema tu, naye ameshacheka kwa niaba yenu nyote: karatasi hii ni ya tatu, mbili za kwanza zimeloa machozi.