Kahawa Iliyovaa Utando

Jumatatu, 4 Machi
Nimesinzia tena kazini. Kiwanda kizima cha dawa kimecheka! Kazi yangu ni kunyunyizia chembe za dawa utando mwembamba, ili dawa itoke tumboni kidogo kidogo, isimwagike yote kwa mpigo. Pipa linazunguka, linanguruma, linabembeleza. Nani asingelala? Alhamisi meneja anachagua msimamizi wa zamu. Tumebaki wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu, mtu asiyepiga miayo hata msibani. Cheo hiki nakitaka kwa udi na uvumba.

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Chembe za kahawa zikivaa utando, nameza asubuhi, niko macho hadi jioni. Nimetumia pipa bovu la majaribio. Shemeji akauliza napika nini. Nikamwambia ni siri ya wakubwa. Nimemeza kijiko kizima. Kimya. Nimelala kwenye foleni ya chakula, nimesimama.

Jumatano, 6 Machi
Nimemuuliza mkemia, kama mtu anayeulizia mgonjwa wa jirani, utando ukiongezwa inakuwaje. Akasema dawa inazidi kuchelewa. Sikuelewa. Aliyevaa makoti mawili si ndiye mwenye nguvu? Nimeongeza tabaka mbili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkemia si mkuu wangu.

Alhamisi, 7 Machi
Vijiko vitatu asubuhi. Meneja amenikuta nimeegemea pipa, nakoroma, kidole kwenye kitufe cha kunyunyizia. Chembe za dawa zimevimba kama njugu. Zote zinatupwa! Shemeji ndiye msimamizi. Kesho asubuhi kikao: nibaki au nifukuzwe. Shemeji ameahidi kunitetea, mradi nije nikiwa macho. Aibu yangu!

Baadaye. Kahawa imeamka! Sasa, jioni, watu wakitafuta vitanda! Moyo unadunda. Nimepiga pasi mapazia. Nimepanga viatu vya watoto, nikavipangua, nikavipanga tena. Mke wangu akasema, "Baba watoto, si ungekunywa tu kikombe cha kahawa kama watu wengine?"
Maskini, hajui sayansi.

Ijumaa, 8 Machi
Sijafumba jicho. Ila kosa nimeligundua: utando ulikuwa mwembamba! Usiku nilitengeneza tabaka nne kwa sufuria ya mke wangu, na sasa, nje ya mlango wa kikao, nimemeza vijiko vitano. Ndani naisikia sauti ya shemeji ikiniombea. Wameniwekea kiti cha mto.
Nimeanza kupiga miayo. Dalili njema.