Intaneti kwa Mke Mkubwa

Jumatatu, 8 Septemba

Kwa hiyo haendi. Nimesema haendi, na hapa naandika kwa kalamu nyekundu: haendi! Mume nimemaliza naye siku ishirini na nne tu, hina bado haijafutika miguuni, halafu Dar wanichukulie? Thubutu!

Kazi ya Haidari wangu ni kujibu abiria wa kampuni ya mabasi kwa kompyuta. Basi limefika wapi, mzigo wangu uko wapi, mbona kiti changu kimekaliwa. Anajibu kwa upole mpaka mtu aliyekuja kutukana anaomba radhi. Anafanyia hapa hapa, mezani kwetu, mimi pembeni nachambua mchele na kumtazama masikio. Ana masikio mazuri sana.

Tatizo ni bando la simu. Leo kwenye mkutano wa video uso wake umeganda dakika nne, mdomo wazi. Hata akiganda anapendeza! Bosi wake, Bwana Abdulswamadu, hakuliona hilo. Kasema kama hadi Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi Haidari hana intaneti ya nyumbani, ya uhakika, afungashe aje Dar. Atalala chumba cha kampuni na wanaume watatu. Nyumbani mara moja kwa mwezi. Mara moja! Mimi akienda tu kuswali Alasiri nachungulia dirishani.

Haidari alitaka kwenda mwenyewe kuulizia. Nikamwambia mume wangu wewe jibu abiria, hili niachie mimi. Kidato cha nne nilipata C ya Jiografia.

Jumanne, 9 Septemba

Kampuni zilizofika Kibiti ni mbili. Mwambao wanavuta waya. Radi wanafunga sahani juu ya bati na sanduku jeupe ndani.

Jirani yetu Salama anayo Radi. Tangu afungiwe hasemi tena hajambo. Ukimsalimu anajibu ati wako hewani. Ameihamisha kamba ya kuanikia nguo ili kila anayepita ainue macho aione sahani. Kwa hiyo nimechagua Mwambao. Haidari akauliza kama nimelinganisha kasi. Nikamwambia nimemlinganisha Salama, inatosha.

Ofisi ya Mwambao iko pale lilipokuwa duka la vitenge, karibu na stendi. Nikajaza fomu kurasa tatu kwa mwandiko wangu mzuri wa barua za uchumba. Nikatia saini. Ndipo binti wa kaunta akauliza nakaa mtaa gani. Akasema waya umeishia sokoni. Mtaa wetu Januari, Mungu akipenda. Nikamuuliza kwa nini kaniacha nijaze kurasa zote tatu. Akasema dada, ulikuwa unaandika kwa raha, niliona haya kukukatiza.

Haidari hakunilaumu. Alinimenyea chungwa. Mume gani huyu!

Jumatano, 10 Septemba

Nimekimeza kiburi. Nimekwenda Radi. Nilipita njia ya nyuma, kwenye mashine ya kukoboa, Salama asinione. Nikamkuta Salama yupo pale pale, amekaa kwenye benchi na mfuko mweusi mapajani. Akasema amepita kusalimia tu. Akaniuliza na mimi nimefuata nini. Nikasema nimepita kusalimia tu. Tukakaa tukisalimia robo saa nzima, hakuna anayetaka kuondoka wa kwanza. Mwisho akachoka yeye.

Wakala wa Radi anaitwa Gharibu, kijana mgeni, wiki ya pili hapa. Masanduku yamebaki matano, na kampuni imeagiza yaanzie kwenye familia kubwa. Familia ya watu wawili ingoje Novemba. Akauliza sisi tuko wangapi. Nikamwambia wengi. Akasema vizuri, kesho atakuja kuhesabu.

Nimefikiri njia nzima. Tuliopo ni mume na mke. Wanahitajika watu. Watu wako wapi? Kwa Bibi Mwanawetu! Bibi yake Haidari, anakaa peke yake ng'ambo ya uwanja wa mpira. Nikaenda mbio kumwomba kesho aje na begi lake, akae kama mtu wa nyumba. Nikamweleza yote, kwamba mjukuu wake atapelekwa Dar. Bibi akasema nimwachie yeye, mdomo anao.

Mpango umekamilika. Usiku wa leo nitalala usingizi wa malkia.

Alhamisi, 11 Septemba

Sijui nicheke au nilie. Nadhani nicheke.

Bibi kaja saa tatu, kanga mpya, wanja mpaka kwenye nyusi. Tangu nimeolewa ananiita mke mwenzie, na Haidari anamwita mume wangu, kama bibi wote wa huku na wajukuu zao. Ndio utani wetu, hakuna anayeshangaa. Lakini sikudhani ataufanya mbele ya fomu!

Gharibu akamwamkia, akamuuliza yeye ni nani humu. Bibi akajibu bila kupepesa: mke mkubwa. Akaninyooshea kidole, akasema haka kadogo kameletwa juzi, hata kupika wali usio na ukoko hakajui, anakavumilia tu kwa sababu ya mume. Akaongeza kwamba yeye ana nyumba yake, tena mume ndiko alikokulia akanenepa. Haidari akainamia kompyuta, mabega yakitikisika.

Ningesema. Wallahi nilifungua mdomo niseme kwamba huyu ni bibi anatania. Lakini nikaiona kalamu ya Gharibu. Aliandika: wake wawili, nyumba mbili. Akatabasamu. Familia kubwa! Nikafunga mdomo. Baadaye Haidari alimuuliza kama kweli ameamini. Gharibu akasema yeye anaandika anachoambiwa, akianza kupeleleza ndoa za watu hatamaliza fomu hata moja.

Bibi akaweka dole gumba. Jumamosi wanakuja kufunga. Nimeshinda! Haidari alinikumbatia jikoni, ukoko ukaungua tena.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa nne hawajaja. Saa sita hawajaja. Nimewapikia mafundi kisamvu cha nazi, kimepoa. Saa nane Salama akapitisha kichwa uani, akanipa pole. Pole ya nini? Akasema mafundi wa Radi wamepita wakiulizia kwa mke mkubwa wa Haidari, sasa wako juu ya bati ng'ambo ya uwanja. Akasema hakujua kama Haidari ana mke mwingine, na kwamba wanaume ni wale wale, nijikaze, nisijichukie.

Nimekimbia na kandambili mkononi. Kweli! Sahani iko juu ya nyumba ya Bibi! Nikamuuliza fundi. Akanionyesha karatasi. Mteja: Mwanawetu, mke mkubwa. Kampuni inafunga kwa mwenye dole gumba. Akaniambia kwa huruma kabisa kwamba mke mdogo naye anaruhusiwa kuomba, familia ikikidhi vigezo.

Bibi alikuwa amekaa mkekani mbele ya sanduku anahesabu taa zake za kijani. Mwanzoni, akasema, alikataa kitu kiitwacho Radi kisiingie chini ya bati lake. Lakini kimekaa kimya, hakimsumbui, kinamfaa.

Nimerudi nimelia. Haidari akanifuta machozi kwa ncha ya shuka. Akasema hata Dar atanipigia kila saa. Nikalia zaidi. Kwa intaneti ipi?

Jumapili, 14 Septemba

Siku ya mwisho. Sanduku halihamishiki. Nimempigia Gharibu, akasema barua, mihuri ya serikali za mitaa zote mbili, na siku kumi na nne za kazi. Nikamweleza ukweli kwamba yule ni bibi. Akaniomba kwa unyonge nisimwambie mtu mwingine, maana ripoti ameshaituma na wamempongeza.

Nikajikaza, nikaenda kwa Salama. Nikamwomba amruhusu Haidari akae barazani kwake kesho, saa moja tu. Nilijua atanisimanga mpaka jioni. Salama akageuka, akatazama ukutani, halafu akaniambia. Sanduku lake limekufa tangu wiki iliyopita. Ndilo lililokuwa kwenye ule mfuko mweusi! Mume wake hajui, amesafiri. Kila siku amekuwa akiniambia wako hewani, kumbe hewani yuko yeye tu na nguo zake.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Akanipa vitumbua vinne niondoke navyo. Bado simpendi sana, lakini vitumbua vyake ni laini.

Kwa hiyo lililobaki ni moja. Haidari ataenda mkutanoni nyumbani kwa Bibi. Nimemwomba Bibi kwa kushika magoti: kesho, saa mbili hadi saa tatu, asiseme neno. Ameapa.

Jumatatu, 15 Septemba

Naandika yote, nisisahau hata neno.

Haidari alivaa shati la harusi na tai, chini msuli, kwa sababu kompyuta inaona juu tu. Mimi nilikaa nyuma ya mlango, nimeushika. Saa mbili kamili. Picha safi! Haikuganda! Bwana Abdulswamadu akamwona mpaka kifungo. Akamuuliza kama hapo ndipo nyumbani kwake. Haidari wangu hawezi kusema uongo, akaanza kigugumizi. Akasema ni nyumbani, ila si nyumbani hasa.

Bosi akakunja uso. Akasema yeye alitaka intaneti ya nyumbani, si ya kuazima. Niliiona stendi, begi, na mkono wa Haidari dirishani.

Ndipo Bibi akaingia kwenye picha. Aliapa! Akajisogeza na kigoda mpaka bega kwa bega na Haidari, akamwambia bosi kwamba hapa ni kwake, na huyu ni mume wake wa halali. Akauliza ni yeye ndiye anayetaka kumfanya mjane mara ya pili? Na kama anamtaka sana mume wake Dar, basi alete posa, ila ajue huyu anakoroma.

Bosi akabaki mdomo wazi. Nilidhani imeganda. Nilitamani iwe imeganda!

Halafu nikasikia kicheko kirefu, mtu anagonga meza. Bwana Abdulswamadu akasema shikamoo mke wa watu. Kumbe kwao ni Kilwa! Bibi yake alimwita mume mpaka siku anakata roho, na siku ya harusi yake alisusa chakula kwa wivu wa utani. Alipomaliza kufuta macho akasema mtu aliyefungiwa intaneti kwa mke mkubwa amefungiwa nyumbani, hana la kubisha. Haidari abaki Kibiti. Leo, kesho, na mwakani.

Haendi! Nilitoka nyuma ya mlango nikamkumbatia Bibi kabla ya mume, akalalamika nimemharibia wanja. Nimerudi nyumbani nikalala mchana kama mtoto aliyenyonya.

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya pili ya ratiba mpya. Haidari anatoka saa moja na nusu kwenda kwa mke mkubwa, anarudi saa kumi ameshiba kambale na wali usio na ukoko. Mimi namlaki mlangoni kama katoka safari. Ni kuolewa kila siku upya! Ningejua, sanduku ningeliomba lifungwe huko tangu mwanzo. Kwa kweli ukiangalia vizuri, nililichagua vizuri sana.

Habari zimeenea. Mama yangu amepiga simu kutoka Mbuchi. Anasema huko wanajadili intaneti ya kijiji na hawajui waanzie wapi, wamwite nani. Nikamwambia Mama asihangaike, aniachie mimi. Jioni hiyo hiyo nikamkuta yule binti wa Mwambao sokoni. Akasema hadi huko deltani hawafiki, hawana nguzo za kupitishia waya. Hapo nikamkata kauli. Nikamhakikishia Mbuchi nguzo zipo maelfu, zimesimama tayari majini, mstari kwa mstari, nyingine bado zina majani. Akaandika. Sikuona haja ya kutaja neno mikoko.

Wanatuma mafundi na ngazi. Nimempigia Mama: asitie saini, asiweke dole, wala asikate chochote. Namuaga Haidari wangu kwa siku mbili tu, naja Mbuchi mwenyewe kabla mwezi haujaisha.