Bango la figo lililokusanya kilio

Aibu ya leo ina mashahidi, na ninawataja mwenyewe kabla hawajaanza kuongeza chumvi. Alikuwepo Mama Kapinga, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwepo Tata Prosper, muuza makaa wa pale kona. Alikuwepo Héritier, mdogo wangu wa mwisho, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwepo Mama Georgette, muuguzi, mwenye kazi. Alikuwepo dereva wa pikipiki, ambaye hakubaki nimuulize jina. Ilikuwepo avenyu yetu yote, hapa Dilala. Na nilikuwepo mimi, Odette, ingawa kuna waliobisha.

Ninatengeneza mabango. Mama yetu aliondoka kwa ugonjwa wa figo, baba akamfuata, nikaacha shule nikawa baba, mama na mlango wa nyumba. Kwa hiyo Mama Georgette aliponiambia kamati ya hospitali yao inataka mabango ya kuwafundisha watu kuhusu kutoa figo, nilirukaruka! Kazi hii ndiyo ingemweka Héritier shuleni hadi amalize. Ila kulikuwa na sharti: bango lisipopendeza leo, kazi inapelekwa Lubumbashi.

Bango la kwanza nilichora figo mbili, kubwa, nyekundu. Mama Kapinga akapita. "Odette, ukifungua bucha unijulishe."

Kamati ikasema tuondoe figo, tuweke sura ya mtu. Mtu gani? Tata Prosper alikubali asubuhi, mchana akakataa. Mke wake alikuwa amemuuliza: "Sura yako pembeni ya figo? Unataka bachawi banachagua nyama?" Basi nikaweka sura yangu mwenyewe. Ninacheka, meno yote nje.

Kamati ikasikiliza, ikapima, ikarekebisha. Meno ni mengi, jambo ni zito: nikafunga mdomo. Rangi zinapiga kelele: nikaweka nyeusi na nyeupe. Weka mshumaa, ni ishara ya tumaini: nikaweka. Weka msalaba wa hospitali: nikaweka, lakini rangi nyekundu tulikuwa tumeshaifukuza, kwa hiyo ukawa mweusi. Weka jina la mwenye sura, watu waone ni mtu wa kweli: ODETTE. Na chini, kwa herufi kubwa: ALITOA BILA KUHESABU.

Kila rekebisho lilikuwa na akili zake. Niliyafanya yote, nikajisifu. (Na ni mimi ninayetengeneza mabango ya vilio, yale ya kutangaza marehemu getini, ya nusu ya Dilala. Niulizeni kama nilishtuka. Sikushtuka.)

Leo asubuhi Héritier aliondoka nyumbani kwa hasira. "Yaya, masomo haina mukate. Benzangu beko ku migodi ya Mutoshi, banachimba, bananunua pikipiki!" Nikamjibu: "Ukikanyaga Mutoshi, usirudi hapa." Akabamiza geti. Mdomo wangu huu!

Nikatoa hasira kwenye kazi. Mimi bango silipimi kwenye simu. Ninalitundika nje, ninavuka barabara, ninalitazama kama mpita njia. Nikalitundika juu ya geti. Nikavuka. Likasomeka vizuri ajabu! Nikafunga nyumba, nikaenda kumchukua Mama Georgette hospitalini aje alione. Alikuwa zamu, nikamngoja hadi alasiri. Simu yangu ilikuwa imezima. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana.

Tulirudi watatu kwenye pikipiki moja: dereva, Mama Georgette katikati, mimi nyuma kabisa. Njia nzima nilikuwa nampigia kelele sikioni: "Mama, utaona! Kwetu mtu akilitupia jicho mara moja tu, ameshaelewa!"

(Walitupia jicho mara moja. Wakaelewa.)

Kufika kona, tukakuta matawi mabichi barabarani. Kwetu matawi hayo yana maana moja: kuna kilio, pita polepole. Dereva akavua kofia. "Pole, bamama. Ni kwa nani?"

"Sijui," nikasema. "Maskini ya Mungu, jirani gani tena?"

Halafu nikaona viti vya plastiki. Vimepangwa mbele ya geti langu.

Héritier! Mutoshi! Shimo limemwangukia! Sikungoja pikipiki isimame. Niliruka. Kitenge changu kikabaki kimenaswa kwenye kiti cha pikipiki, nami nikabiringika kwenye vumbi mpaka likanivaa kuanzia nywele hadi kucha, ndani nimevaa kaptula ya kuchezea mpira ya Héritier. Nikainuka, nikapita katikati ya watu wenye vichwa vimeinama, nikajitupa mkekani karibu na Mama Kapinga. Nikalia kuliko wote.

"Ndugu yangu weee! Umeniacha na nani?"

Mama Kapinga, kichwa chini ya kitambaa, akanipapasa mgongo. "Lia, mwanangu, lia. Alikuwaka mutu muzuri. Mudomo tu njo ulimushinda."

(Nikafikiri: ni kweli, Héritier ana mdomo.)

"Na ku korale alikuwa anatuharibiaka nyimbo. Lakini tulimupenda vile vile."

(Héritier haimbi kwaya. Hapo machozi yakapunguza mwendo.)

"Mama," nikauliza, "ni nani alikufa?"

"Ni Odette."

"Odette gani?"

Mama Kapinga akafunua kitambaa. Akaniangalia. Akaangalia getini. Akaniangalia tena.

"We."

Ndugu zangu, sijawahi kuona avenyu inaisha haraka hivyo! Mama Kapinga, ambaye magoti yake hayapandi hata ngazi ya kanisa, alivuka ukuta wangu bila kuugusa. Tata Prosper aliingia kichwa kwanza kwenye gunia la makaa aliyokuja nayo kama mchango wake. Dereva aliondoka na kitenge changu, hadi sasa hajulikani alipo. Mama Georgette akapanda juu ya kiti, akapaza sauti: "Bamama, batata, iko muzima! Ni afishi ya figo tu!" Waliokuwa wameanza kurudi, kusikia figo, wakakimbia upya.

Aliyebaki ni mmoja. Chini ya bango, na sare yake ya shule, Héritier alikuwa amelala kifudifudi, hasikii lolote, analia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tumzike mama.

"Yaya Odette, rudi tu! Nitamaliza masomo! Mutoshi sitakanyaga! Hata hesabu nitaipenda!"

"Hata hesabu?" nikauliza.

Akageuka. Akanishika kwa nguvu mpaka vumbi langu lote likahamia kwake. Tukakaa hivyo. Halafu akaangalia huku na huku, akapangusa pua.

"Yaya, ile niliahidi mufu. Haihesabike."

"Inahesabika!" Mama Kapinga akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta. "Tulisikia!"

"Mashahidi tuko!" akasema Tata Prosper, akiwa bado ndani ya gunia. "Mutoto, kesho mi mwenyewe nitakusindikiza ku masomo!"

Mama Georgette alikuwa amevuka barabara, analitazama bango kwa mbali. Akanyoosha kidole.

"Nani aliomba mshumaa?"

"Ni wewe, Mama."

"Na msalaba?"

"Kamati."

Akakohoa. "Sura inabaki. Meno yarudi, yote. Rangi zirudi. Mshumaa utoke leo leo. Na hii kazi haiende Lubumbashi. Bango gani la Lubumbashi limeshajaza viti?"

Watu wakarudi mmoja mmoja, wakinigusa mkono kwanza kuona kama una joto. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilikuwa imeshaiva kwa ajili ya msiba wangu, tukaila. Nilipikiwa vizuri! Na katikati ya kula Tata Prosper, uso mweusi meno meupe, akauliza: "Mama muuguzi, kama mutu anatoa figo moja, ile inabaki inatosha?" Mama Georgette nusura adondoshe tonge lake la bukari, ugali wetu. Tangu tuanze kampeni hii, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali.

Héritier yuko ndani sasa hivi, anafanya hesabu, amenuna. Msinicheke. Kila mtu wa avenyu hii anasema nina deni lake la machozi, na Mama Kapinga amenikataza kufa tena kabla sijamrudishia yake.