Zege la Siku Kumi na Sita

Jumatatu, 2 Machi

Barua ya idara imefika. Ijumaa jopo linakuja maabara kuponda vipande vyangu vya zege kwenye mashine, vikiwa vimekaa majini siku ishirini na nane kamili. Nisipotoa matokeo, nafutwa kwenye shahada ya uzamivu. Mwaka wa sita huu! Mke wangu kaisoma, kaikunja, kaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna hata chembe.

Tatizo ni hili. Nilimwambia msimamizi wangu kwamba nilimwaga zege tarehe sita Februari. Nilimwaga tarehe kumi na nane.

Jumanne, 3 Machi

Mama mkwe kaja. Ananiita Daktari tangu mwaka wa kwanza, na leo kaniletea jirani yake anayeumwa mgongo. Nikaeleza kwamba mimi ni wa ujenzi: madaraja, nguzo. Jirani akasema basi tumeelewana, mgongo nao ni nguzo, akajilaza kifudifudi kwenye kochi. Nikamkanda. Ningefanyaje? Mama mkwe akatoka anatamba mtaa mzima. Nikifutwa, uso wangu nitauficha wapi jamani?

Jumatano, 4 Machi

Nimemsihi fundi wa maabara abadilishe tarehe kidogo tu kwenye daftari lake. Kakataa. Kasema yeye kaanza kuandika tarehe za zege kabla mimi sijajua kufunga viatu. Mzee huyu ana roho ngumu!

Aliponipa kisogo, nikaona tangini vipande sita vya Kipanga. Huyu ni mwanafunzi mwenzangu, kaanza miaka mitatu baada yangu, sasa ananiuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Simpendi. Vipande vyake vinatimiza siku ishirini na nane Ijumaa hiyohiyo! Ukubwa ni uleule. Vyake vina alama za rangi ya buluu, vyangu nyekundu. Akili ni mali.

Alhamisi, 5 Machi

Kazi imekwisha. Fundi alikwenda kula, nikavitoa vyote, nikavikausha kwa kikausha nywele cha mke wangu. Vyake nikavipaka nyekundu juu ya buluu, vyangu buluu juu ya nyekundu. Nikavirudisha majini. Vya Kipanga vyepesi ajabu. Nikajua mazoezi yangu ya asubuhi yameanza kuzaa matunda (nimefanya mara mbili).

Kipanga aliwahi kueleza utafiti wake mbele ya idara nzima. Nilikuwepo. Nililala.

Ijumaa, 6 Machi

Mungu wangu!

Kipande cha kwanza chenye alama nyekundu kimewekwa kwenye mashine. Fundi kaiwasha tu, kikasagika kama biskuti. Cha pili vilevile. Msimamizi akavua miwani. Mjumbe mmoja wa jopo akauliza kama humo ndani niliweka saruji au unga. Miaka sita!

Zamu ya Kipanga. Kipande chake kikagoma kuvunjika. Mashine inanguruma, chenyewe kimetulia tu. Kipanga akashika kichwa. Akalia kwamba zege lake ni la kufukia mabomba, linatakiwa liwe laini ili watu walichimbe kwa sururu, sasa hili nani atalichimba?

Fundi akagusa alama ya buluu. Kidole kikatoka na rangi. Akakwangua kwa kucha, nyekundu ikachungulia chini yake. Akanitazama. Nikatazama dari.

Akawaambia wakubwa kwamba alama zimechanganyika, ndiyo shida ya watu wawili kutumia tangi moja. Kisha akafungua daftari: hili gumu ni langu, na lina siku kumi na sita tu. Nikafumba macho kungoja kufukuzwa. Msimamizi akapiga hesabu, akarudia. Akasema zege langu likiwa na siku kumi na sita limeshapita nguvu inayotakiwa siku ya ishirini na nane! Jopo likanipa miezi sita nimwage mengine na kumaliza tasnifu.

Nikaketi juu ya mfuko wa saruji nikalia na kucheka kwa pamoja. Alhamdulillahi! Fundi akaniinamia sikioni, akasema Jumamosi nitasugua tangi lake mpaka ling'ae, na Kipanga nimwombe radhi mwenyewe.

Jumamosi, 7 Machi

Nimesugua. Mikono imechubuka, moyo mweupe. Kipanga kanisamehe, vipande vyake vinne vilivyobaki vimemtosha. Kauliza tena kama nahitaji msaada. Simpendi.

Jumatatu, 9 Machi

Nimelala usingizi mzito siku mbili. Mke wangu anaimba jikoni. Nimepiga hesabu kwa utulivu: nina miezi sita, na zege linataka siku ishirini na nane tu. Kwa hiyo nina miezi mitano mizima ya kupumzika.

Msimamizi kapiga simu kuuliza zege jipya nitalimwaga lini. Nimemwambia nilimwaga jana.